Nimekoma Hapa

Watu walimwita Bi Pindo, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi wa kupunguza. Nguo mpya hakushona. Alikaa chini ya ngazi za jengo la maduka, cherehani mbele yake na kioo kirefu pembeni, akisubiri nguo ambazo mafundi wengine walikwisha kuziharibu. Suruali ndefu aliipandisha, gauni pana alilibana, mkono wa koti aliufupisha. Maisha yake yote, basi, alikuwa akitazama kazi ya mtu mwingine na kuona ilipokosewa. Ukimletea nguo hakukuuliza unataka nini. Aliigeuza ndani nje, akatazama mshono, akasonya, ndipo akauliza nani amekufanyia hivi.

Vitabu alivisoma vivyo hivyo.

Cha kwanza hakukitafuta. Mteja mmoja aliacha koti la kupunguzwa mikono, mfukoni mna riwaya, na hakurudi tena, si kwa koti wala kwa riwaya. Siku moja ya mvua, wateja wakiwa haba, Bi Pindo aliitoa ile riwaya akaanza kuisoma ili macho yasikae bure. Ilikuwa hadithi ya mapenzi. Binti alilia ukurasa wa kwanza, akalia kituoni, akalia kwenye harusi yake na kwenye harusi ya mwenzake.

"Huyu kalowa," Bi Pindo alimwambia jirani yake, mama aliyeuza vipodozi kwenye kibanda mkabala. "Mwandishi angemkamua kwanza, amwanike, ndiyo atuletee."

Aliichukia tangu mwanzo, na akaisoma hadi mwisho ili apate uhakika.

Tangu hapo hakuacha. Juu ya ngazi, ghorofa ya kwanza, palikuwa na muuza vitabu vikuukuu, mtu mpole mwenye sheria moja: leta kimoja, chukua kimoja, na nyumba moja haikai na vitabu viwili. Bi Pindo alipanda kwake na magoti yake mabovu, na kila aliposhuka na kitabu alishuka na ugomvi. Riwaya ya wafalme na vita ilianza na watu wengi mno, kila mmoja na jina lake na la baba yake, wamejipanga kama foleni ya zahanati. Alijaribu kuwakariri akashindwa, na vita vilipoanza akashukuru, maana angalau watu walipungua. Kwenye hadithi ya mzimu, mzimu ulipita ukutani bila taabu, kisha ulipofika kabatini ukashika kitasa. Bi Pindo alitaka kujua kama ukuta haukuuzuia, kabati limeukosea nini.

Lakini iliyomkasirisha kuliko zote ni ya msomi aliyerudi nyumbani kutoka masomoni. Msomi alisimama dirishani akiwaza sura nzima, na sura iliyofuata akaendelea kusimama, Bi Pindo akawa anafunua kurasa akitafuta mtu wa kumwita bwana huyu akale. Hata haja haendi, alilalamika. Kitabu hicho kilikuwa kimepata tuzo, na jalada la nyuma lilisema hivyo kwa herufi kubwa. Yeye alisema waliotoa tuzo hawakukisoma, au walikisoma wakaona haya kukiri kwamba wamelala. Palikuwa na kingine kisicho na nukta wala mkato. Nguo isiyo na vifungo si mtindo, alisema, ni uvivu. Na kile cha mshonaji aliyeshona gauni la hariri la bibi harusi kwa jioni moja alikirudisha bila kukimaliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Hariri inateleza kama samaki, alimwambia muuza vitabu. Jioni moja haitoshi hata kuigombeza.

Muuza vitabu alikwisha kumzoea. Alimuuliza tu, "Kikoje, Bi Pindo?" naye akajibu, "Kibaya," akachukua kingine.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu na kibaraza chembamba. Aliachiwa na mumewe, mlinzi wa ghala, mtu aliyekufa kimya kama alivyoishi. Mwana alikuwa mmoja. Huyu alitengeneza friji, na kwa kazi hiyo na kwa tabia yake ya kutokasirika, watu walimwita Baridi. Baridi alioa, na mkewe alifanya kazi maabara ya zahanati, kutoa watu damu. Bi Pindo hakuwahi kumtaja kwa jina lake. Alimwita Sindano, kwanza kwa siri, kisha mbele ya watu. Mwenyewe aliposikia alisema kwamba katika nyumba ile, sindano hakuwa yeye peke yake.

Uadui wao ulitoka kwenye gauni la harusi. Bibi harusi alikuwa amelileta kwa mkwe wake apandishe pindo tu. Bi Pindo aliona kiuno kimekaa ovyo, akakibana bila kuuliza, na siku ya harusi Sindano alikaa wima kutwa nzima, akipumua kwa kuibia. Hakusema kitu, wala hakusahau. Tangu siku hiyo wanawake hao waliishi chini ya bati moja na hawakusemeshana ila kwa kupitia kwa Baridi, aliyekaa katikati yao kama ukuta wa vyumba viwili, unaopigiliwa misumari pande zote.

Kisha Sindano naye akaanza kusoma. Siku moja ya mapumziko alikuta riwaya ya mkwe wake mezani, akaifungua kwa dharau, na jioni Bi Pindo aliporudi kazini alimkuta ameketi kibarazani, sufuria jikoni inaungua. Na kwa kuwa nyumba moja haikai na vitabu viwili, wakawa wanasoma kimoja, kila mtu kwa zamu yake. Mmoja alisoma alasiri, mwingine baada ya chakula, na kila mmoja aliweka kipande cha kitambaa alipofika, maana Bi Pindo hakuvumilia ukurasa kukunjwa. Ukurasa uliokunjwa, alisema, ni kola iliyotafunwa na mbuzi.

Wakati wa kula ndipo vita viliposikika. Wiki ile walikuwa na hadithi ya bibi harusi aliyehamia kwa wakwe.

"Mwambie mkeo," Bi Pindo alisema, "yule binti hana adabu. Mtu anaingia nyumba ya watu anahamisha masufuria?"

Baridi alimeza kwanza. "Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama masufuria yalikuwa uvunguni mwa kitanda. Nani anahifadhi masufuria uvunguni?"

"Anasema yalikuwa..."

"Mwambie yaliwekwa pale na mwenye nyumba."

"Jamani, mimi kitabu chenyewe sijakisoma," Baridi alisema.

Wote wawili walimtazama kama mtu aliyekiri wizi.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mama wa kwenye kitabu alikuwa na wakili wake mezani, na kila mke wa mwana alikuwa na wake. Mama wa kambo mkatili kwenye hadithi ya yatima alitetewa na Bi Pindo mpaka chakula kikapoa: alitaka naye apewe sura yake aseme. Sindano alijibu, kupitia kwa mumewe, kwamba mama huyo alikuwa na kitabu kizima cha kusema na alikitumia kupiga watoto.

Ndipo tajiri wa Baridi alipomwambia kwamba ana vyumba viwili nyuma ya karakana, ng'ambo ya mji, akivitaka ahamie. Baridi alimweleza mama yake kwa sauti ya mtu anayeeleza ubovu wa friji ya jirani. Yeye hana neno, alisema. Uamuzi amemwachia mkewe, na mkewe bado hajasema. Bi Pindo alijibu kwamba mlango kazi yake ni kuingiza na kutoa. Kisha akaenda kwenye cherehani yake kuukuu iliyokaa sebuleni, akaupita mshono mmoja mara mbili bila kujua.

Aliiona nyumba ile ikiwa na sahani moja. Aliona kibaraza, viti vitatu, na yeye akichagua aketi kipi. Angemwomba Sindano abaki? Angemeza pini kwanza. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuinuka, alitega sikio upande wa pili wa ukuta, asikie kama sanduku linaburutwa.

Siku hizo muuza vitabu aliwapa riwaya ya upelelezi. Mke kijana wa nyumba ya kitajiri ameanguka ngazini na kufa, na mpelelezi anaamini amesukumwa. Palikuwa na mume, palikuwa na daktari wa familia mwenye mikono inayotokwa jasho, palikuwa na kaka wa mume mwenye madeni, palikuwa na mama wa mume, aliyelia kuliko wote na kila mara akawapikia polisi chai. Bi Pindo alitangaza kwamba kwa mara ya kwanza ameona mwandishi anayejua kuchora mama. Sindano alikuwa akisoma hata akiwa anakoroga mboga. Alimpita mkwe wake kurasa nyingi.

Katikati ya kitabu hicho sindano ya cherehani ilivunjika. Sindano alikuwa akijaribu kushona koti lake jeupe la kazini, lililofumuka kwapani, na badala ya kuomba alikaa mwenyewe kwenye cherehani ya mkwe wake. Chuma kilikatika. Bi Pindo alirudi akaona, akamwambia Baridi, kwa sauti ya kufika jikoni, amwambie mkewe kwamba cherehani si mkono wa mgonjwa, haichomwichomwi ovyo. Jikoni yalisikika masufuria tu.

Siku iliyofuata Bi Pindo alirudi mapema. Nyumba haikuwa na mtu. Kitabu kilikuwa juu ya cherehani, kimefungwa, na kando yake, palepale sindano ilipovunjikia, kilikuwa kipande cha kitambaa cha bluu kilichoandikwa kwa chaki yake mwenyewe ya kukatia. Mwandiko ulikuwa wa Sindano, wa kuinama kama watu wanaopanda mlima. Maneno yalikuwa mawili: *Nimekoma hapa.*

Alikaa. Akayasoma tena. Mke wa mwanawe amekoma. Amekomea hapa, kwenye cherehani, na kwa kuwa kinywa kilimshinda ameandika. Bi Pindo alihisi kitu kikimlegea kifuani, kama kifungo kilichobana siku nyingi kimefunguliwa. Mtu aliyekoma hahami. Mtu aliyekoma ameamua kukaa na kuishi na watu. Alikikunja kile kitambaa akakitia kifuani, na jioni ile, walipokula, alimsogezea Sindano bakuli la mboga bila kupitia kwa mtu. Sindano alilitazama bakuli, kisha akamtazama mumewe. Baridi alitazama dari.

Angenyamaza hapo, habari ingeishia ndani ya nyumba. Lakini Bi Pindo hakuwahi kusoma kitu akakaa nacho.

Asubuhi, kabla hata hajafunua cherehani, alimwita mama wa vipodozi. Palikuwa na wateja wawili watatu wanasubiri. Hao nao wakasogea. Alikitoa kitambaa akakikunjua mbele yao kama hati ya shamba.

"Kakoma," alisema. "Simlazimishi mtu, kaandika kwa mkono wake. Someni."

Wakasoma. Walimpongeza. Mmoja alisema wake wa watoto wa siku hizi kukoma ni nadra. Mama wa vipodozi hakusema sana, na hilo peke yake lingetosha kumtia Bi Pindo wasiwasi, maana mwanamke yule alipokuwa kimya alikuwa anapanga njia.

Njia ilipita zahanati. Mama wa vipodozi alikwenda kupima damu, akaketi kwenye kile kiti, akanyoosha mkono, na mbele ya foleni nzima akamwambia Sindano kwa huruma kwamba kukoma si aibu, mkwe ni mzazi, na maandishi yake wameyaona wote chini ya ngazi. Sindano alikuwa ameshika sindano. Alitoa damu, akabandika pamba, akaita anayefuata. Waliokuwa karibu walimsikia akiuliza jambo moja tu: maandishi gani.

Jioni alifika nyumbani na koti lake jeupe bado mwilini. Baridi alikuwa kibarazani akanyanyuka. Mkewe alimpita.

"Mama," alisema, na Bi Pindo akageuka, kwa kuwa neno hilo halikuwahi kumjia moja kwa moja. "Hicho kitambaa kiko wapi?"

Bi Pindo alikitoa kifuani.

"Nilifika sura ya saba. Nikaandika ili usichanganye na chako, maana vyote ni vya bluu. Nimekoma hapa. Kwenye kitabu, Mama. Kimeteleza kikaanguka, basi."

Bi Pindo aliona. Aliona papo hapo, kama anavyoona mshono uliokwenda upande: maneno yaleyale mawili, na hayakuwa na cherehani ndani yake, wala radhi, wala kukaa. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Mwanawe alisimama mlangoni akilisubiri.

"Mwenye kuandika aandike vizuri," Bi Pindo alisema. "Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Umesoma ulichotaka."

"Neno ni lako, mkono ni wako."

Sindano alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Haya. Sasa ndiyo nimekoma kweli," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Kavichukue vile vyumba."

Hawakuwa na vitu vingi. Rafiki wa Baridi alikuja na gari la kubebea friji, wakapakia kitanda, masanduku, jiko, na sufuria zile tu ambazo Sindano alikuja nazo. Nyingine alizipanga jikoni moja juu ya moja, kubwa chini, kwa unadhifu uliouma kuliko tusi. Bi Pindo alikaa kwenye cherehani akifumua kitu ambacho hakikuhitaji kufumuliwa. Mlangoni Sindano alisimama.

"Aliyemsukuma ni daktari," alisema. "Nakusaidia usichoshe macho."

Akaenda.

Kumwambia msomaji mwisho wa kitabu ni kumfungia mlango akiwa ndani. Bi Pindo alilaani siku mbili. Siku ya tatu alikichukua kile kitabu, kwa hasira, akaketi kibarazani. Alipofika mahali anapopenda, pale mama wa mume anapomwambia mpelelezi aketi, anywe chai, wafu hawana haraka, alijikuta amefungua mdomo aseme, "Mwambie mkeo." Hapakuwa na wa kuambiwa, wala wa kumtuma. Upepo ulifunua ukurasa kabla yake. Alikula chakula alichopika cha watu watatu, akakila kesho yake, akakila kesho kutwa.

Aliendelea kusoma akimwinda daktari. Kila daktari aliponawa mikono alisema, ndiye. Mpaka akafika sura za mwisho, na hakuwa daktari. Alikuwa mama. Yule mama wa chai ndiye aliyemsukuma mke wa mwanawe ngazini, asubuhi, akiwa na trei mkononi, kwa kuwa mke alikuwa amesema wanahama.

Bi Pindo alikifunga kitabu, akakifungua. Aligeuza kurasa nyuma akitafuta ilipokosewa. Alikuwa na hakika mwandishi ameungaunga mwishoni, kama fundi aliyeishiwa kitambaa. Akaanza upya sura ya kwanza. Mkono wa ngazi, wa kujishikilia, uliofutwa vumbi asubuhi ile, ulikuwapo. Trei ilikuwapo. Lile neno la mama, kwamba nyumba hii haijazoea kelele za kuondoka, lilikuwapo, na yeye alikuwa amelipita akitabasamu. Uzi mmoja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila fundo. Maishani mwake hakuwa amechukia kitabu kama hicho, na hakuwa na pa kukipunguza.

Na Sindano hakujua. Jambo hilo lilimjia baadaye, akiwa anaosha sahani yake. Sindano aliishia sura ya saba. La daktari alilibuni tu mlangoni, kwa hasira, na mwisho wa kweli hajausoma mpaka leo.

Alipokwenda kazini, wateja walikuwa wamejaa chini ya ngazi na mama wa vipodozi alikuwa ameshiba maneno. Alimwacha Bi Pindo aketi, atunge uzi, ndipo akauliza kwa sauti ya kufika ghorofani, eti mkweo alikoma, mbona kahama? Watu wakacheka. Bi Pindo angeweza kusema mengi, na baadhi yake yalikuwa tayari ulimini. Mwanamke mwenye suruali ya kupandishwa alisimama mbele ya kioo, ameinua mguu mmoja, anasubiri.

"Hakukoma," Bi Pindo alisema. "Aliishia kwenye ukurasa. Yeye alikuwa anasoma kitabu, mimi nikasoma kitambaa. Hakuna alichoniandikia."

Walicheka tena, sasa wanamcheka yeye. Aliwaacha wamalize.

"Chekeni," alisema, akamgeukia mama wa vipodozi. "Na wewe, lile la kwanza ulilifikisha zahanati. Na hili lipeleke, kabla halijapoa."

Alimpandishia yule mwanamke suruali yake, na siku chache baadaye akafunika cherehani mapema, akatia kitabu mkobani.

Karakana ilikuwa mbali. Friji mbovu zilisimama uani, milango wazi, na nyuma yake vile vyumba viwili, na mbele ya vyumba Sindano, siku yake ya mapumziko, anakunja nguo. Alimwona mkwe wake akaendelea kukunja.

"Baridi hayupo," alisema.

"Sikumfuata Baridi." Bi Pindo alikitoa kitabu. "Muuza vitabu anakitaka. Na si daktari."

"Usiniambie."

Bi Pindo alifumba mdomo. Kitu kizima kilikuwa mle ndani, kimejaa, na aliufumba.

Sindano alikichukua kitabu akakishika bila kukifungua. "Nimesikia ulichosema chini ya ngazi," alisema. "Kimefika."

"Kilipewa miguu."

"Hakinirudishi kule."

"Sikuja kukurudisha. Soma, niondoke nacho."

Basi Sindano alikaa kwenye kiti chake akasoma, na Bi Pindo, kwa kuwa hakuambiwa akae, alijikalia juu ya kreti. Ilikuwa alasiri ndefu kuliko kitabu. Alizijua kurasa kwa unene uliobaki mkononi mwa mwenzake. Pale kwenye trei alitaka kusema, tazama trei. Hakusema. Pale kwenye chai ya pili alijikuna goti. Mara moja Sindano aliinua macho, akauliza kwa ujanja, "Kaka mtu?" na Bi Pindo akaitazama friji moja kwa makini kama anayetaka kuinunua. Baridi alirudi, akawaona, akafungua mdomo, akaona heri aende kwenye friji zake, na kutoka huko hakikusikika kitu ila bisibisi.

Kisha Sindano akafika. Bi Pindo aliona macho yake yakisimama, yakirudi juu ya ukurasa, yakishuka tena. Alijua linalokuja. Angesema, huyu ni wewe. Alikuwa amelibeba jibu la neno hilo njia nzima, na sasa alipolitafuta hakuliona.

"Kamwonea," Sindano alisema.

"Nani?"

"Mwandishi. Kamwonea mama wa watu. Mama gani anaua, halafu anawapikia chai polisi? Mwanamke kalea wana peke yake, kazika mume, kakaa na watu kwa wema kitabu kizima. Mwishoni tu anabandikwa uuaji kama kiraka."

Bi Pindo alinyanyuka na magoti yake mabovu. "Kiraka? Kiraka kiko wapi? Kila kitu kimo tangu mwanzo. Hukuona mkono wa ngazi?"

"Kufuta vumbi si kuua."

"Asubuhi ile? Na trei?"

"Alikuwa mpweke, Mama. Walikuwa wanamwacha."

"Upweke si ruhusa ya kusukuma watu." Alisema kwa ukali, akazitazama friji zilizo wazi, kisha akaongeza kwa ukali uleule, "Angekwenda kuwatembelea."

Sindano alikigeuza kitabu mpaka mwanzo, akakibonyeza kifunguke vizuri.

"Nionyeshe basi huo mkono wa ngazi," alisema. "Na kama haupo, ujue leo sinyamazi."

"Nani kakuomba unyamaze," Bi Pindo alisema, akavuta kreti karibu, akipapasa mkoba kutafuta miwani.